Kadi Iliyovaa Jina la Mwenzake

Wiki jana mliniacha nimeshika kitambaa kibichi mbele ya kompyuta ya binti yangu, moshi mwembamba ukitoka kwenye matundu ya nyuma, na mimi nikisema, "Nilikuwa napangusa vumbi tu."

Kwa ambaye hakupata gazeti hilo: mimi ni Riungu, mzee wa miaka sitini na tisa. Nimezurura nchi hii tangu siku niliyonyoa ndevu mara ya kwanza. Shule nilisoma kwa vipande, darasa moja hapa, nusu darasa kule. Miezi mitatu iliyopita nilifika Nkubu na baiskeli yangu, mfuko mmoja kwenye keria, nikamwomba binti yangu Winfred pa kulala siku mbili.

Siku mbili hizo hazijaisha mpaka leo.

"Hii baiskeli nimeiona wapi?" Winfred aliniuliza siku ile nilipofika, akitazama madigadi yake ya njano.

"Baiskeli zote ni sawa," nikamjibu, nikaingia ndani kutafuta chai.

Winfred hukata na kuunganisha video za harusi. Kazi alijifunza mwenyewe, na video ya kwanza kuikata ilikuwa ya harusi yake, miaka saba iliyopita. Aliondoa mbwa aliyepita mbele ya padri. Aliondoa shangazi aliyekuwa akipiga miayo. Aliondoa mpita njia fulani nje ya ua aliyeharibu picha ya keki. Ikatoka safi, watu wakaanza kumletea za kwao.

Mimi sikuonekana kwenye harusi hiyo. Nilikosa gari kutoka Isiolo. Ndivyo nilivyomwambia.

Basi. Kile nilichokichoma kwa kitambaa kinaitwa kadi ya grafiki. Ni kipande chenye feni kinachokaa ndani ya kompyuta, na kazi yake ni kuchora picha. Bila hicho, video haikatiki wala haiunganiki.

"Baba," Winfred aliniambia Jumatatu hiyo, sauti ya chini, ile ya kunitisha zaidi. "Harusi ya watu wa Kibirichia inatakiwa Jumamosi. Wamealika ukoo mzima kuitazama. Nikiwakosa hao, sitapata harusi nyingine upande ule wote wa Buuri."

"Nitanunua kadi nyingine."

"Wewe?"

"Mimi."

Akatazama nyuma ya mlango. Mfuko wangu ulikuwa umekaa hapo miezi mitatu, umefungwa, kama mgeni ambaye hajavua koti.

"Sawa," akasema. "Usipoipata, najua utafanya nini. Utabeba huo mfuko kabla sijaamka. Si ndiyo kawaida yako?"

Wasomaji wangu, nimewahi kupigwa teke na punda kule Marsabit. Hilo liliuma kidogo kuliko hili.

*

Jumanne asubuhi nikapanda Meru mjini, nikamwachia baiskeli Abubakr, mwenye bucha kule Majengo. Amekuwa akiitamani tangu aione. Pesa nikatia mfukoni, nikashika njia ya Embu.

Kwa nini Embu, na Meru kuna mafundi? Kwa sababu ya kichwa kigumu. Fundi wa Winfred ni Mwanatatu, mpwa wa Abubakr, na meza yake iko papo hapo nyuma ya bucha. Nilitaka kumshangaza binti yangu kwa kitu nilichokitafuta mwenyewe, bila kushikwa mkono.

Duka nililoelekezwa lilikuwa la kijana mmoja anaitwa Ndwiga. Mcheshi, meno yote nje.

"Karibu mzee wangu. Kava ya simu?"

"Kadi ya grafiki. Ya giga nne."

Akanitazama kofia mpaka viatu. "Ya gemu?"

"Ya harusi."

"Kumbe mzee unaoa tena!"

"Nikioa nitakualika. Leta kadi."

Akaileta. Nikaipima mkononi, nzito. Nikaizungusha feni kwa kidole, ikazunguka vizuri. Chini yake ina safu ya meno ya dhahabu, nikayakagua moja moja, hakuna lililong'oka. Mbuzi mwenye meno kama hayo ningemnunua nimefumba macho.

"Mzee anajua kukagua!" Ndwiga akasema.

"Nimekagua vingi."

Akaichomeka kwenye kompyuta yake. Skrini ikaandika jina la kadi, na mbele ya jina, giga nne.

"Umeona? Kompyuta haijui kudanganya."

Nikalipa. Nikatoka nikipiga mluzi, mpaka mama mmoja wa kuuza ndizi akaniuliza kama nimeshinda kesi.

*

"Baba, umeitoa wapi?"

"Embu."

"Umelipa na nini?"

"Nimelipa, Winfred."

Akachungulia nje. "Baiskeli iko wapi?"

"Nimemwachia Abubakr."

"Umemwachia ama umemuuzia?"

"Washa kompyuta."

Hakuiwasha. Alikwenda nyuma ya mlango, akachukua mfuko wangu, akaufungua, akapanga nguo zangu ndani ya kabati lake. Mashati matatu na suruali mbili. Mfuko mtupu akaukunja, akauweka juu kabisa nisikofika bila stuli.

Nilijifanya natafuta miwani.

Halafu akaichomeka kadi. Skrini ikasema vilevile: jina lile, giga nne. Tukashangilia kama watu waliopata mtoto. Akapika chapati, na mimi nikala tano nikihesabiwa.

Alipofungua harusi ya Kibirichia, mambo yakaenda vizuri kwa dakika kumi. Kisha bibi harusi akageuka kijani. Bwana harusi akakatwakatwa vipande vyembamba kama sukuma wiki. Padri akabaki kichwa peke yake, kinaelea juu ya madhabahu, kikiendelea kubariki.

Skrini ikazima.

"Washa tena," nikasema.

Akawasha. Padri akarudi, safari hii bila hata kichwa.

Mimi nikanyata hadi chumbani, nikafungua kabati. Mashati yalikuwa bado yapo.

*

Jumatano tukaenda wote wawili kwa Mwanatatu. Kumfikia lazima upite kwenye bucha, uiname chini ya mbavu za ng'ombe, usogeze pazia.

"Mzee Riungu!" Abubakr akanipokea na kisu mkononi. "Hiyo baiskeli yako inapanda mlima yenyewe, wallahi! Mimi nakaa juu tu kama gavana!"

"Itunze."

"Imeshaoga leo!"

Mwanatatu alikuwa na miwani ya kukuza kwenye paji la uso na bisibisi sikioni, kama seremala na penseli yake. Akaitazama kadi, akanitazama.

"Nani amenunua?"

"Baba," Winfred akasema. "Hata mimi nashangaa. Baba alikuwa karani wa mizani huko Maua, kwenye miraa. Vipimo ndivyo vilikuwa kazi yake. Alidanganywaje?"

Nikakohoa. Kilikuwa kikohozi cha kweli mwanzoni.

"Uliikaguaje, mzee?" Mwanatatu akaniuliza.

"Uzito. Feni. Meno. Halafu ikaandika jina kwenye skrini."

"Kumbe uliiuliza jina, ikakujibu, ukaridhika." Akacheka bila ubaya. "Hata mimi nikiandika pale nje 'hoteli ya watalii', bado hii itakuwa bucha ya mjomba."

"Nimesikia!" Abubakr akapaza sauti nyuma ya pazia.

"Ndani ya kadi kuna maandishi ya kuitambulisha, kama kitambulisho chako. Kompyuta ikiuliza 'wewe nani?', inasoma hayo. Sasa mtu akiyafuta akaandika ya kadi nyingine, kompyuta itajuaje? Jina ni la kusikia. Mimi huangalia tumbo."

Akaichomeka kwenye kompyuta yake. Jina lile, giga nne. Akafungua programu nyingine.

"Hii inaijaza. Inamwaga vitu ndani, halafu inavisoma tena kuona kama vimekaa. Kama kweli ni mtungi wa nne, utabeba nne."

Namba zikaanza kupanda. Nusu giga. Robo tatu. Tukasogea sote mbele. Ilipofika giga moja tu, skrini ikajaa mistari myekundu kutoka juu hadi chini.

"Imetapika," Mwanatatu akasema.

"Labda ilikuwa imechoka," nikasema.

"Mzee."

"Nauliza tu."

Akaizima, akaichomoa, akaigeuza. Akafungua skrubu nne, akang'oa feni pamoja na bati lake la kupozea. Chini yake kulikuwa na uji mweupe uliokauka. Akapangusa kwa pamba na spiriti, pole pole, mpaka chipu yenyewe ikaonekana, nyeusi, ikimetameta, na namba zimechongwa juu yake.

"Hapa ndipo hawawezi kufuta kirahisi. Soma, Winfred."

Winfred akasoma. Mwanatatu akatafuta namba hizo kwenye simu, akatuonyesha. Kadi ya zamani, zaidi ya miaka kumi. Giga moja. Nje wameibadilisha feni na kibandiko, ndani wameiandikia jina la mdogo wake.

"Ukitaka kujua kadi," akasema, "fungua katikati."

Nilisikia maneno hayo nikahisi baridi shingoni, na bucha ilikuwa na joto.

Kwa sababu mimi, wasomaji wangu, sikuwahi kuwa karani wa mizani. Huko Maua miaka sita nilikuwa mfungaji wa mabunda ya miraa, vile vijiti vya kutafuna. Na nilikuwa na mkono mzuri. Vijiti vyekundu, vibichi, vya kupendeza, navipanga nje. Vikavu vya juzi navificha katikati. Nafunga kwa kamba ya mgomba, navisha majani, bunda linang'aa kama zawadi. Mnunuzi anayeangalia nje analipa akicheka. Mnunuzi anayejua kazi halipimi wala halinusi. Analifungua katikati.

Nilijua hilo miaka arobaini. Nikaenda Embu nikahesabu meno.

"Kwa hivyo ni mbovu?" Winfred akauliza.

"Si mbovu. Ni ndogo. Ingesema tangu mwanzo ni ndogo, tungeipa kazi ndogo, na isingemkatakata padri." Mwanatatu akairudishia maandishi yake ya asili, akaiwasha. Skrini sasa ikaandika jina lake la zamani na giga moja. Ikapita majaribio bila hata mstari mmoja mwekundu. "Ona. Imetulia."

Sijui kwa nini niliionea wivu.

"Na harusi ya Kibirichia?" Winfred akauliza.

"Kwa hii itaisha. Jumatano ijayo."

"Wanaitaka Jumamosi!"

Winfred akanigeukia. Nikaanza kuwaza mfuko ule juu ya kabati, na stuli iko wapi.

"Kesho Embu," akasema. "Mimi na wewe. Na utaongea wewe, baba. Karani wa mizani hashindwi na mtu wa kava za simu."

*

Alhamisi asubuhi, tukitoka nyumbani, Winfred alipigiwa simu; sauti ya upande wa pili niliijua, nikajifanya nafunga kamba za viatu. Saa nne tulikuwa mbele ya duka la Ndwiga. Aliponiona, meno yakapungua.

"Mzee wangu! Harusi ilikuwaje?"

"Harusi ilikuwa kijani!"

Hapo nikafungua sauti. Nina sauti kubwa, nimeuza vitu vingi barabarani. Nikamweleza Ndwiga habari ya uaminifu. Nikamweleza habari ya jasho la mtu. Nikainua kadi juu watu waione. Wakaanza kujaa: wenye maduka ya jirani, wanawake wa mboga, fundi wa viatu na kiatu chake mkononi.

"Mtu anayepamba nje na kuficha takataka ndani," nikanguruma, "huyo ni mtu wa aina gani?"

"Mwambie mzee!" umati ukaitikia.

"Mzee, hata mimi niliuziwa hivyo," Ndwiga akasema, mikono juu. "Haki ya Mungu. Ilikuja kwa katoni na zingine. Mimi huwa nachomeka, naona jina, nauza."

"Hukufungua katikati!"

"Sikufungua."

Winfred alikuwa amesimama kando yangu kidevu juu. Sijawahi kumwona akinitazama vile. Nikataka siku hiyo iwe ndefu.

Ndipo pazia la nyuma ya duka likafunguka. Akatoka mama mzee, mnene, kitambaa cha bluu kichwani, fimbo mkononi.

"Ndwiga, ni nani analia nje kwangu?"

"Mama, ni mteja. Mama, tulia, nashughulika."

Mama hakutulia. Alikuja mpaka kwenye kaunta, akaelekeza sikio kwangu.

"Sema tena."

"Niseme nini, mama?"

"Hayo ya takataka ndani."

Nikasema tena, lakini sauti ilikuwa imeshuka.

"Kai!" akapiga kaunta kwa fimbo. "Hiyo sauti ninaijua! Wewe ni Riungu wa Maua!"

Na mimi nikamjua. Ciakuthii. Enzi zile, kabla muguka, majani ya kutafuna ya kwao, haijatawala Embu, yeye ndiye aliyeuza miraa hapa sokoni. Nilimletea mabunda mwenyewe siku moja, mzigo mzima, nikaapa mbele yake kwamba ni ya asubuhi hiyo, nje na ndani. Nikapanda lori la kwanza kwenda Isiolo. Sikurudi.

"Wateja walinirudishia moja moja!" akawaambia watu. "Yamefunguliwa katikati! Yamekauka kama kuni! Nikachemshia uji wiki mbili!"

Umati ukapasuka kwa kicheko. Fundi wa viatu aliangusha kiatu. Hata Ndwiga akacheka, halafu akakumbuka, akaacha.

Winfred pekee hakucheka.

"Mama," akamwambia Ciakuthii polepole, "baba yangu alikuwa karani wa mizani."

"Karani? Mwanangu, huyu alikuwa mfungaji! Na nikwambie ukweli, mfungaji bora niliyewahi kuona. Ndiyo maana alinipata."

Nikatafuta pa kuweka macho. Nikayaweka kwenye kava za simu. Zilikuwa za rangi nyingi.

Ciakuthii akageukia mwanawe. "Kile kipande kilicho kwenye kompyuta yako mwenyewe, ni cha giga ngapi?"

"Mama, hiyo ni yangu ya kazi."

"Nimeuliza ni ngapi."

"Nne. Za kweli."

"Toa."

Ndwiga akatoa, akinung'unika. Akakifungua mbele yetu skrubu nne, akapangusa, Winfred akasoma namba kwenye chipu kwa tochi ya simu. Akaitikia kwa kichwa kwamba ni sawa. Sauti yake ilikuwa kavu.

Ciakuthii akaweka kadi kwenye kaunta, na juu ya kadi akaweka mkono wake.

"Mwanangu alikosa, na atalipa kosa lake. Kadi hii ni yenu, harusi yenu itoke. Lakini Riungu, sitoi mkono mpaka na wewe ufunguliwe. Huyu binti amekusimamia hapa mbele ya watu, na hajui amemsimamia nani. Mwambie. Nje nimeshaona. Nataka katikati."

"Nilifunga mabunda," nikasema. "Si karani. Nilificha vikavu ndani. Samahani, Ciakuthii. Samahani, Winfred."

"Hiyo nilishasikia mimi," mama akasema. Mkono haukutoka. "Hapo bado ni majani ya mgomba."

Winfred alikuwa ananitazama, na machoni mwake niliona amefika mahali anapohesabu: kama lile lilikuwa uongo, ni lipi lingine? Ningeweza kukimbia. Mguu wa kulia uliinuka wenyewe, umezoea. Lakini baiskeli ilikuwa Majengo na Abubakr yuko juu yake, na mashati yangu yalikuwa kwenye kabati la mtu.

Nikauteremsha mguu.

"Winfred," nikasema. "Siku ya harusi yako. Sikukosa gari."

"Ulisema ulikuwa Isiolo."

"Nilitoka Isiolo siku mbili mapema. Kwa baiskeli."

Akashika ukingo wa kaunta.

"Nilifika, mwanangu. Nilifika hata kabla ya keki."

Akaweka mkono mdomoni. Niliona picha ikipita machoni pake, ile aliyoikata kipande kwa kipande miaka saba iliyopita, alipokuwa anajifunza kazi.

"Nje ya ua," akanong'ona. "Mtu wa kofia. Amesimama na baiskeli. Madigadi ya njano." Akaitazama kofia yangu. "Baba, nilikukata. Nilidhani ni mpita njia, nikakukata."

"Ulifanya vizuri. Nilikuwa naharibu picha ya keki."

Mtu mmoja alitaka kucheka, akazuiwa na mwenzake. Winfred akanisogelea mpaka tukabaki hatua moja.

"Lango lilikuwa wazi," akasema. "Mimi mwenyewe nilisema liachwe wazi mpaka jioni, kwa ajili yako. Umeendesha baiskeli siku mbili. Ukasimama pale. Kwa nini hukuingia?"

Nilimtazama binti yangu. Nikamtazama Ciakuthii. Yeye naye ananitazama, na mkono wake bado uko juu ya kadi.

"Kulikuwa na mtu langoni," nikasema. "Alinisalimia, halafu akanikataza kuingia. Nilimwapia sitakwambia ni nani, Winfred. Na mtu huyo ndiye aliyekupigia simu asubuhi ya leo, tukitoka nyumbani."